Babu Analeta Malalamiko

Jumatatu hiyo kituo cha polisi cha Uaisoru kilifunguliwa saa moja na nusu asubuhi, kama kawaida. Felismina alikuwa ameshafagia baraza, amepandisha bendera na kulisogeza benchi la wananchi upande wenye kivuli. Jengo halikuwa na paa. Paa liliteketea pamoja na nusu ya mji mwaka ule wa kura ya uhuru, na mahali pake Misheni ya Umoja wa Mataifa ilifunga turubai la buluu, kwa hiyo mchana kila aliyekaa ndani alionekana kama yuko chini ya maji.

Wa kwanza kwenye benchi alikuwa Mama Etelvina, muuza tambuu wa pale langoni, aliyeibiwa nguruwe. Wa pili alikuwa mwanamume aliyekuja kumshtaki shemeji yake kwa kumnywesha jogoo wake wa kupigana maji ya pilipili. Jogoo mwenyewe alikuwa amepakatwa kama ushahidi. Wa tatu alikuwa mamba.

Aliingia kwa lango kuu, taratibu, akiburuta mkia na kuacha mchirizi wa maji na mchanga. Alikuwa mrefu kama mtumbwi, na magamba yake ya mgongoni yalikuwa yameota ukoga. Hakumpita mtu. Alifika mwisho wa benchi, akalala sambamba nalo, akafumba jicho moja, akasubiri zamu yake.

"Sogeeni basi, Babu naye apate kivuli," alisema Mama Etelvina.

"Na wewe jogoo tulia," mwenye jogoo alimwambia jogoo.

Upande ule wa Timor hakuna anayemwita mamba kwa jina lake. Ni Babu. Ukivuka mto unamkumbusha kwamba wewe ni mjukuu wake, naye hamli mjukuu ila mwenye hatia. Kwa hiyo mtu akiliwa, ndugu zake hulia, kisha hukaa na kujiuliza alikuwa amefanya nini.

Babu hakuja pale kwa kukurupuka. Wiki chache kabla, askari wapya walipotakiwa kuapa, watu wa Uaisoru walikataa kiapo kisomwe uwanjani mbele ya bendera peke yake. Walisema kiapo ambacho wakubwa wa ukoo hawakukisikia ni maneno tu. Wakawachukua askari pamoja na wageni wa Misheni mpaka mlangoni mwa mto, pale maji yanapokutana na bahari ya kusini, ile yenye mawimbi makali inayoitwa bahari dume. Wakatandika jamvi, wakaweka tambuu, popoo, chokaa na jogoo mweupe, wakamwita Babu kama anavyoitwa mzazi kwenye posa. Mkubwa mmoja wa Misheni, aliyekuja kwa helikopta, akatoa hotuba. Alisema kuanzia siku hiyo hakuna mtu, awe mkubwa au mdogo, atakayejichukulia hatua mwenyewe. Aliyedhulumiwa alete malalamiko yake kituoni, nayo yatapokelewa na kushughulikiwa. Mkalimani alitafsiri vizuri, kwa sauti, akielekea majini. Katikati ya mto kulikuwa na macho mawili juu ya maji, yakasikiliza mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeliwa mtoni, hata mbuzi.

Felismina alikuwa na miaka ishirini na miwili na alitoka chuo cha polisi cha Dili na shati la samawati lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Chuoni walifundishwa kwamba polisi wa raia hamfukuzi mtu aliyekuja kulalamika. Mtu anakaribishwa, anapewa pa kukaa, anasikilizwa. Felismina aliliamini hilo kwa moyo wake wote. Alipomaliza habari ya nguruwe na habari ya jogoo, alitoka barazani akachuchumaa.

"Karibu Babu. Una malalamiko?"

Babu akafumbua jicho. Akainuka, akapita kando ya kaunta, akaingia ofisini, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Sajini Anselmo, na kulaza kidevu chake juu ya viatu vya Sajini.

Sajini Anselmo alikuwa akipiga taipu ripoti ya ajali ya pikipiki. Alimalizia sentensi. Kisha akavuta miguu yake polepole, akaiweka juu ya kiti.

"Umeamkaje, Babu?" alisema, akaendelea na sentensi inayofuata.

Sajini alikuwa mtu mzuri kufanya naye kazi. Alitumikia polisi ya utawala wa zamani miaka mingi, Misheni ikampitisha kwenye kozi fupi na kumpa shati jipya. Pale kituoni ni yeye peke yake aliyejua kuendesha gari, kuchora ramani ya ajali na kupiga taipu bila kutazama vidole. Alimfundisha Felismina kufunga pingu bila kumuumiza mtu. Mchana aligawana naye tambi zake. Felismina alipoandika katika ripoti yake ya kwanza kwamba mwenye pikipiki alikuwa na huzuni kubwa, Sajini alicheka, akakata maneno hayo kwa kalamu. "Dada Felis, ripoti haina huzuni. Andika pikipiki ilikuwa rangi gani."

Babu alikaa chini ya meza mpaka saa ya kufunga, akarudi mtoni. Kesho yake akaja tena, akafuata foleni tena, akaenda mahali palepale.

Felismina akaanza kuchunguza, maana kuchunguza alikupenda. Alihamisha meza ya Sajini upande wa dirisha. Babu naye akahamia dirishani. Alimwomba askari mwingine avae viatu vya Sajini, na Sajini avae kandambili. Babu akavinusa viatu, akaviacha, akalala juu ya kandambili. Sajini alipoenda sokoni kusuluhisha ugomvi wa mizani, Babu alitoka akamsubiri langoni, na Mama Etelvina akamwekea jani la tambuu puani.

Mji ukagawanyika.

"Angekuwa na hatia angeshaliwa," walisema wanaume kwenye uwanja wa jogoo. "Hata kidole hajapungukiwa."

"Na kama hana hatia, Babu anafuata nini pale?" waliuliza wanawake kisimani. "Tambi?"

"Pengine anataka kazi."

"Cheka tu. Babu aliambiwa asijichukulie hatua. Yeye si kama nyie. Akiambiwa, anasikia."

Mshauri wa Misheni pale kituoni alikuwa Inspekta Mucavele, Mmsumbiji wa Tete, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwa amebakiza muda mfupi kurudi kwao, na kabla ya kuondoka alitakiwa kupendekeza jina la mkuu wa kituo. Alisimama mlangoni akamtazama Babu, mikono mfukoni.

"Kwetu huyu tungempiga risasi, tukauza ngozi."

"Inspekta, usiseme hivyo mbele yake," Felismina alimwambia.

"Samahani, mzee," Mucavele akasema chini ya meza. Kisha akamgeukia Felismina. "Malalamiko yake umeyapokea?"

"Nimempokea yeye. Malalamiko bado."

"Basi maliza kazi. Mimi jina nalipeleka Ijumaa ijayo, na mwenye kuendesha gari hapa ni mmoja tu."

Felismina alikuwa na sababu yake ya kuchelewa, na hakumwambia mtu. Baba yake, Mwalimu Aleixo, alichukuliwa siku chache baada ya matokeo ya kura, na gari la polisi, akiwa ametoka kufunga madarasa. Hakurudi. Hakuonekana maiti, na hakuna aliyesema amekufa. Kwa hiyo mama yake, Mama Idalina, hakuweza kuvaa nyeusi, na hakuweza pia kuvaa rangi. Alikuwa na gauni moja la kijivu, akilifua jioni na kulivaa asubuhi. Majirani walipokutana naye njiani hawakujua wampe pole au wamuulize habari za mumewe, na wengi wao walikuwa wamejifunza kupita njia nyingine. Felismina alijiunga na polisi kwa ajili ya gauni lile. Alitaka mtu mmoja tu aseme yuko wapi, basi, mama yake avae nguo yenye jina.

Na sasa, kila alipomtazama Babu chini ya ile meza, alihisi swali likimjia ambalo hakulipenda, maana alimpenda Sajini.

Jumatano ya wiki iliyofuata alichuchumaa, akasema, "Babu, mimi ndiye niliyepangiwa kupokea malalamiko yako. Kama kusema huwezi, nionyeshe."

Babu akatoka.

Alipita sokoni, akapita kanisani, akapita shuleni palipobaki kuta, na watu wakaacha walichokuwa wakifanya wakamfuata. Hakuharakisha. Sajini Anselmo alibaki kituoni kwa sababu lazima mtu abaki kituoni. Walipofika mlangoni mwa mto, Babu alipanda kwenye tuta la mchanga chini ya mikadi, mahali alipokuwa akiota jua kila siku tangu mwaka wa kura, mahali ambapo watoto walikatazwa hata kupachungulia. Akalala kidogo, kama mtu anayeaga kitanda. Kisha akasogea pembeni.

Wakachimba kwa koleo la Misheni. Mwalimu Aleixo hakuwa mbali chini. Fulana ilikuwa imeoza, mkanda ulikuwa mzima, na kwenye mkanda zilining'inia funguo zilizofungwa kwa utepe wa kijani. Kwenye mfupa wa kichwa, nyuma, kulikuwa na tundu dogo. Jino la mamba halikuwa limegusa kitu. Alikuwa amemlalia tu, miaka yote miwili, mbwa na kaa wasimfikie.

Mama Idalina alikuja bila kukimbia. Alizishika funguo, akazipitisha vidoleni moja moja.

"Ndiye. Huu mdogo ni wa kabati la chaki."

Alirudi nyumbani, na alasiri hiyo akatoka amevaa nyeusi kuanzia kichwani mpaka miguuni. Jirani wa kwanza aliyekutana naye akamkumbatia akaangua kilio, na wa pili, na wa tatu, na njia zote zilizokuwa zimeachwa zikajaa watu wakija kwake na mchele, mishumaa, mahindi ya kuchemsha. Felismina aliona mama yake anapumua. Alikuwa amesahau namna mama yake anavyopumua.

Babu alikuwa amesharudi kituoni, chini ya meza ya Sajini.

Asubuhi Felismina alikwenda kukaa na Mama Etelvina langoni.

"Mama, gari lile la siku ile. Lilipita hapa?"

Mama Etelvina alipaka chokaa kwenye jani, akalikunja, akalitafuna muda mrefu.

"Lilisimama. Dereva alinunua tambuu. Nikamwona baba yako nyuma, akaniinulia mkono kama vile anaenda Dili."

"Dereva alikuwa nani?"

"Mwanangu, anayekuja kununua kwangu kila siku ni yuleyule. Nilidhani unajua. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Utakuja kumwambia Inspekta?"

"Inspekta anapanda ndege. Wewe kesho utahamishiwa Dili, utapewa kofia nyingine. Mimi nauza hapa." Akatema mate mekundu pembeni. "Usiniangalie hivyo. Chukua tambuu, hiyo ya bure."

Maziko yalikuwa Ijumaa. Makaburi yako juu kilimani na jeneza lilihitaji gari, na mwenye kuendesha gari alikuwa mmoja. Sajini Anselmo aliliosha gari alfajiri, akafunga kitambaa cheusi kwenye kioo, akaja nyumbani kwa Mama Idalina akiwa ameshika kofia kifuani. Alisaidia kubeba jeneza. Wanaume sita walimpandisha Babu nyuma pamoja na jeneza, kwa sababu alikuwa amekaa na marehemu kuliko mtu yeyote. Mama Idalina alitangulia kwa miguu na wanawake waliokuwa wakiomba rozari. Felismina alikaa mbele, karibu na Sajini.

Walipanda kilima kwa gia ya kwanza.

"Kaka Anselmo," alisema Felismina. "Siku ile pia uliendesha wewe."

"Mimi."

"Akakaa wapi?"

"Nyuma. Nilimwambia akae mbele, njia mbaya. Wale wengine wakakataa."

Gari liliruka jiwe, na nyuma Babu alisikika akijisogeza ili jeneza lisiteleze.

"Aliyefyatua nani?"

Sajini alibadilisha gia. Alikuwa dereva mzuri, hakuondoa macho barabarani.

"Waliniambia niendeshe, nikaendesha. Wakaniambia nishike bunduki, nikashika. Walikuwa wamesimama nyuma yangu, Dada Felis. Ningekataa, ningekuwa mimi pale chini ya mikadi, na yeye angekuwa hai anafundisha. Nimeipiga hesabu hiyo kila siku."

"Mwambie Inspekta hivyohivyo."

"Nina watoto wanne."

"Babangu alikuwa nao watatu."

"Najua. Mkubwa wangu alimsomesha yeye." Akapunguza mwendo ili asiwafikie wanawake. "Nimekwambia wewe kwa sababu wewe ndiye mwenye haki ya kujua. Ukiniuliza mbele ya watu, sijasema kitu. Shika hapo mlangoni, hii kona mbaya."

Walimzika Mwalimu Aleixo saa nne. Sajini alitupa udongo wake kama wengine.

Felismina hakusubiri hata kubadilisha viatu. Alimweleza Inspekta Mucavele yote, kwa mpangilio, bila huzuni, na rangi ya gari akaitaja. Mucavele aliandika, akamwita Sajini, akamuuliza. Sajini alijibu kwa heshima kwamba waliongea habari za barabara. Mucavele akampigia simu mtu wa makao makuu kwa ile simu ya setilaiti, akatoka nayo uani, akazunguka mti mmoja mara nyingi. Alipofunga simu alikaa kwenye benchi la wananchi, na Felismina akakaa kando yake.

"Wameniuliza kama kulikuwa na mtu mwingine ndani ya gari."

"Babu alikuwepo. Alisikia."

"Nimewaambia. Wakaniuliza kama anaweza kuapa."

"Aliitwa kwenye kiapo chetu. Yeye ndiye pekee aliyekishika."

"Nimewaambia na hilo." Mucavele alivua kofia, akaitazama ndani. "Wakauliza kama anaweza kuinua mkono wa kulia."

"Anaweza. Nimemwona."

"Nikawaambia anaweza. Wakauliza kama anaweza kujibu maswali ya wakili. Hapo nikashindwa, binti yangu. Na muuza tambuu?"

Felismina alitazama langoni. Mama Etelvina alikuwa akipanga popoo zake, mgongo umewaelekea.

"Hakuona kitu."

"Basi faili la Sajini ni safi. Kituo hakiwezi kukaa bila mkuu, na mimi sina jina jingine. Huko Dili wanayo ramani, kila kituo wamekiwekea kidoti. Wanataka vidoti vyote viwe vya kijani kabla sisi hatujaondoka." Akairudisha kofia kichwani. "Nilikuja hapa nikiamini kitu, unajua. Bado nakiamini. Ila nakwenda nyumbani nacho kikiwa hakijamalizika."

"Mimi ninabaki nacho," alisema Felismina, na alimaanisha.

Sajini Anselmo akathibitishwa kuwa mkuu wa kituo. Sherehe ilikuwa fupi. Mucavele alimpachika nyota mabegani akiwa amesimama pembeni kidogo, kwa sababu Babu alikuwa amelala juu ya viatu vya mkuu mpya na hapakuwa na nafasi ya kusimama mbele. Mpiga picha wa Misheni aliomba Babu asogee. Hakusogea, na picha ikapigwa hivyohivyo. Kisha helikopta ikaja, ikamchukua Inspekta, mchanga ukatulia, na kituo kikawa cha wenyewe.

Wiki iliyofuata lilikuja bati. Wiki iliyofuata hiyo ikaja barua ya kuuliza kila kituo kinahitaji fanicha gani. Mkuu wa kituo alikuwa na shida moja. Meza yake ilikuwa fupi. Alikuwa akifanya kazi huku miguu iko kitini tangu mwezi uliopita, na magoti yalianza kumuuma.

"Dada Felis," aliita, "njoo na futi ya fundi. Tuagize meza ndefu zaidi, yenye miguu ya juu. Tukae wote."

Felismina alileta futi. Alipiga magoti sakafuni akaanzia puani, akapita juu ya macho, shingo, mgongo wenye ukoga, mpaka mwisho wa mkia. Babu alijinyoosha vizuri ili apimike. Mwili wake ulikuwa wa baridi, na kwa ndani kitu kilikuwa kikienda polepole, kwa uvumilivu mkubwa kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kuketi kwenye lile benchi.

"Kaka Anselmo," alisema akiwa hukohuko chini. "Nitakuuliza tena mwakani. Na mwaka unaofuata."

"Uliza. Ni kazi yako." Juu ya meza mashine ya taipu ikapiga mstari mmoja, ikanyamaza. "Umepata kipimo?"

"Nimepata."

"Ongeza kidogo," alisema mkuu wa kituo. "Hawa hawaachi kukua."

Felismina akaongeza.